Waya Nyembamba Hula Nguvu ya Pampu

Mazungumzo kwa wakulima na wenye nyumba wa Wadi ya Rombo, Kajiado Kusini



Mkulima wa nyanya au vitunguu hapa Rombo anajua kwamba maji yakikosekana siku chache wakati wa jua kali, shamba huanza kunyauka. Kwa hiyo pampu ya umeme ikiungua, hasara haiishii kwenye bei ya pampu. Mara nyingi lawama huangukia pampu yenyewe, kwamba ni bandia. Lakini huenda kosa liko kwenye waya, na hesabu ya kuzidisha na kugawanya inatosha kulifichua.

Fikirieni tangi la maji lililoinuliwa. Msukumo wa maji ni kama volti. Kiasi cha maji kinachopita ni kama ampea. Paipu ikiwa nyembamba na ndefu, maji hupita kwa shida. Katika umeme shida hiyo huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Wati huonyesha nguvu inayotumika kila wakati.

Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na mafundi huitumia hadi leo. Ukitaka ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Ukitaka wati, zidisha volti kwa ampea.

Sasa chukueni mfano wa pampu iliyo mita 200 kutoka nyumbani penye boksi ya stima. Fundi anapima kwenye boksi na kupata volti 240. Anapima kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, anapata volti 200. Pampu inavuta ampea 8. Volti 40 zimepotea njiani.

Gawanya 40 kwa 8: ukinzani wa waya ni omu 5. Zidisha 40 kwa 8: wati 320. Nguvu hiyo haivuti maji hata kidogo. Inapasha waya joto tu. Pampu ikifanya kazi saa 6 kwa siku, ni karibu uniti 2 kila siku, na kwa siku 30 ni uniti 57.6 ambazo mkulima amelipia bure. Kwa pampu hii ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha ugonjwa uko wapi.

Omu 5 hizo hazikutoka hewani. Waya ya shaba ya milimita 1.5 za mraba, ikienda mita 200 na kurudi mita 200, ina ukinzani wa karibu kiasi hicho. Waya ya 6 ni nene mara nne, hivyo ukinzani wake ni robo, yaani omu 1.25. Kwa ampea 8 zile zile, volti zinazopotea ni 10 na wati ni 80. Waya nene ni ghali dukani, lakini inaokoa zaidi ya uniti 43 kwa mwezi.

Hasara ya uniti si yote. Mota inayopata volti chache hujitahidi kwa kuvuta ampea zaidi, hupata joto, na mwishowe koili zake huungua. Kumbukeni pia kwamba pampu ikiwa imezimwa, kipimo huonyesha volti 240 pande zote mbili, kwa sababu hakuna umeme unaopita. Kipimo cha kweli huchukuliwa pampu ikiwa kazini. Na ikiwa volti ziko chini hata kwenye boksi, basi tatizo liko kwenye laini inayoleta stima, si kwenye waya ya shamba.

Hesabu hiyo hiyo hulinda nyumba, iwe hapa Rombo au ploti ya kupanga kule Kitengela. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha 240 kwa 13, utapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa ekstensheni moja, na nyingine za bei rahisi hazifiki hapo. Birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na koili ya maji ya wati 1,500 zikichomekwa pamoja ni wati 4,700. Gawanya kwa 240: karibu ampea 20. Fyuzi ikikatika, imefanya kazi yake. Anayeweka msumari au kipande cha waya badala ya fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne, na moto huanza ukutani watu wakiwa wamelala.

Kupima waya zenye umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwombeni awaonyeshe leseni hiyo. Kazi ya mwenye shamba ni kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: pampu inavuta ampea ngapi, waya ni ya unene gani, na pampu ikifanya kazi inapata volti ngapi? Fundi anayejua kazi yake atajibu kwa namba.