Kunakili Siyo Kuelewa

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu,

Watoto wetu wengi husoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza huikuta kwa Kiingereza. Hunakili ubao mzima. Daftari linajaa, maana haieleweki.

Tulidhani vitabu vingetosha. Tulikosea.

Sasa tunafundisha njia ya Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi hugawa ukurasa: kulia mambo makuu kwa maneno yake, kushoto maswali, chini muhtasari. Kisha hufunika kulia na kujijibu: kwa nini jani linahitaji mwanga? Akikwama, anarudia kusoma.

Tunachoomba ni madaftari, rula, na posho ya mwalimu kwa saa moja ya jioni.