Theluji Imeyeyuka, Tutembeleane

  

Viatu vyetu hapo mlangoni bado vina michirizi myeupe ya chumvi ya barabarani, lakini yale makoti mazito ya Januari leo sijayaona. Sisi wa Minnesota tunajua kwamba hata Aprili theluji yaweza kurudi. Hata hivyo jua limepanda. Katikati ya Desemba mwanga wa mchana haukufika hata saa tisa kwa siku, na wapo humu waliokuwa wakiingia shifti kwenye nyumba za wazee gizani na kutoka gizani. Ilipofika tarehe 20 Machi, mchana na usiku vikakaribia kulingana, kama ilivyo mwaka mzima kwetu Kisumu, Mwanza au Bukavu.

Majira hayo ndiyo yanayoipa Pasaka tarehe yake. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja. Kanuni iliyoshika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Nyumbani tumezoea ije na mvua za masika, matope hadi kizingiti cha kanisa. Huku inakuja watu wanafungua madirisha. Mimi naiona neema katika hilo: tunafunga Kwaresima huku miti ikichipua mbele ya macho yetu.

Lakini, ndugu zangu, miti itachipua hata sisi tukibaki vilevile. Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, walilijua hilo. Simeoni Nsibambi wa Uganda na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Hawakuwa na majira ya kuchipua wale, wala hawakuyahitaji. Walisimama mbele za watu wakaungama dhambi zao kwa kuzitaja. Kisha wakaondoka kanisani kwenda kwa waliowakosea. Walioiba walirudisha. Wapo hata wamisionari waliotubu mbele ya Waafrika kwa kuwadharau, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo hata kidogo.

Sasa tujitazame. Baridi imetutenga. Tumezoea kufuatilia ibada kwenye simu, blanketi miguuni. Zipo familia zilizohamia hapa tangu Novemba na bado hatujui wanakokaa. Yupo mama aliyejifungua katikati ya theluji, mama yake mzazi yuko ng'ambo ya bahari, na siku nyingi hakuna aliyempelekea hata kikombe cha uji. Na tusifichane: hesabu za michango ya msiba zimeacha manung'uniko. Tunao humu ndugu wasiosalimiana tangu Krismasi, na nawapenda wote.

Nitaimbaje kwamba Kristo amefufuka, ilhali nikimwona ndugu yangu kwenye maegesho ninajifanya natafuta funguo? Watoto wetu wanatutazama. Wamezaliwa huku, Kiswahili chao kinakatikakatika, mahubiri mengi yanawapita juu ya vichwa. Lakini baba akigeuza uso ili asimsalimie mtu, wanaona. Imani watakayobaki nayo tutakapokuwa hatupo wanajifunza hapo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi kabla ya Ijumaa Kuu naomba mwenye neno na mwenzake amwendee. Aende kwa miguu yake, asitume ujumbe wa WhatsApp. Akiona ni vigumu kwenda peke yake, achukue mzee mmoja wa kanisa wafuatane. Mwenye pesa ya mtu airudishe, hata kwa mafungu. Na aliyekosewa akigongewa mlango, tafadhali afungue, amkaribishe mwenzake chai.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, magari yatatoka hapa kuwatembelea wagonjwa, waliojifungua na wageni. Akina mama wamekubali kupika uji na maandazi. Vijana mtatusaidia kuendesha, na wenye magari ya viti saba tunawahitaji sana. Daftari liko kwenye meza ya chai. Andikeni jina la mnayetaka atembelewe, mtaa wake na namba ya mlango.