Ghala na Benchi: Mhadhara wa Umma juu ya Kudumu katika Ibada

Akina mama wa Mutuini mlioziacha shughuli zenu alasiri hii ili kuja kumsikiliza mtoto wenu:

Sikukusudia kuzungumza juu ya jambo hili. Lakini mwaka jana, katika baraza la wasomi, nilimsikia mwenzangu mmoja, mtu wa elimu na wa ihsani, akisema kwa yakini kwamba ibada idumuyo ni ile tu ambayo mtu huiweka baina ya nafsi yake na Mungu wake, faraghani, pasipo shahidi; na kwamba ile mikutano ya kila juma ya Ahonoki, yaani waliookoka wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambamo mama zetu walitubu mbele ya wenzao na kuimba wimbo wao Tukutendereza, ilikuwa darasa la watu wasiojua kusoma, darasa lililokwisha haja maadamu kila mtu leo anayo Biblia yake mfukoni, ndani ya simu. Hoja yake aliitegemeza juu ya Mathayo 6, aya ya 6, pale Bwana anapomwagiza mwenye kusali aingie chumbani na kuufunga mlango. Hadhirina waliafiki. Mimi nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, na uchungu huo ndio ulionileta hapa.

Habari za Uamsho wenyewe sitazirudia: jinsi Joe Church na Simeoni Nsibambi walivyokutana Namirembe mwaka 1929, moto wa Gahini kule Rwanda, wajumbe waliofika Kabete mwaka 1937. Hayo mnayajua, na baadhi yenu mliyapokea kwa wazazi waliokuwapo. Mimi nataka tukitazame chumba kile cha Mathayo.

Neno alilolitumia mwinjilisti kwa Kiyunani ni *tameion*, na maana yake ya asili ni ghala, mahali pa kuwekea akiba. Luka, katika sura ya 12, anapowataja kunguru wasiopanda wala kuvuna, analitumia neno hilo hilo kusema kwamba hawana ghala. Na wale Wayahudi walioigeuza Torati kwa Kiyunani kabla ya kuzaliwa Kristo walilitumia katika Kumbukumbu la Torati 28, panapotajwa baraka ya Mungu juu ya ghala za watu wake. Mkulima fukara wa Galilaya hakuwa na chumba cha kusomea. Palipokuwa na mlango wa kufungwa nyumbani mwake, aghalabu ni pale penye nafaka.

Mwenzangu atajibu, na atakuwa na haki, kwamba neno hilo lilikwisha kupanuka likawa na maana ya chumba chochote cha ndani, na kwamba Isaya 26, aya ya 20, ambayo bila shaka Bwana alikuwa nayo moyoni, yasema kuingia vyumbani na kufunga mlango, wala haisemi juu ya nafaka. Nakubali, tena ni aya niipendayo kuliko zote katika bahasi hii, na nimekaa nayo miaka mingi. Lakini angalieni nabii anasema na nani! Anasema na taifa zima, watu wale wale ambao tangu mwanzo wa sura wamewekewa wimbo wa kuimbwa pamoja katika nchi ya Yuda. Nao wanaingia ndani wote kwa wakati mmoja, kwa sababu moja, hata ghadhabu ipite. Mlango uliofungwa katika Isaya umefungwa na umma. Nakubali pia kwamba Bwana katika aya ile ya 6 asema na mtu mmoja. Walakini aya ya 7 inarudi kwa wengi, na ile Sala aliyotufundisha, inayoanza katika aya ya 9, haina ndani yake hata neno moja la “yangu”. Msomi anayesimama kwenye aya ya 6 akakataa kuivuka hajafika kwenye sala yenyewe.

Nami nina shahidi mwingine, asiyejua Kiyunani. Nilipokuwa na umri wa miaka saba, nilizoea kumwona mama yangu alfajiri akitia kichwa na mabega ndani ya ikũmbĩ, ghala lake la mahindi, akikaa hivyo kitambo kirefu, nikadhani anahesabu magunzi. Ghala la mwanamke wa Kikuyu halikuguswa na mwingine. Hata baba hakuthubutu. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponiambia kwamba pale ndipo aliposalia, kwani hapakuwa na pembe nyingine isiyo na mtoto. Lakini kila Alhamisi aliketi kwenye benchi pamoja na dada zake katika Kristo, akawaeleza aliyoyapata na aliyoyapoteza juma lile, hata ugomvi wake na jirani juu ya mpaka. Ghalani aliingia peke yake, na alichokitoa kililiwa na nyumba nzima. Sijapata kumwona mtu aliyejifungia ghalani ale humo.

Na kama faragha ndiyo msingi, basi mwenzangu anieleze mwaka 1954. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na sasa watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki na miiba. Mutuini hii, iliyohesabiwa zamani hizo katika Kiambu, haikuwa mbali na tufani hiyo. Ahonoki walikikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na wengi wao waliikataa pia bunduki ya serikali, hivyo wakachukiwa na pande zote mbili, na wengine wakauawa. Chumba cha ndani kilikuwa wapi katika kibanda cha watu wanane? Walichokuwa nacho ni wenzao, na walidumu.

Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliwauliza waliotaka kumtafuta Mungu upwekeni watamwosha nani miguu. Sijasikia jibu.

Sitaki nionekane kana kwamba sijui madhara. Ushirika umepata kugeuka mahakama. Kule Uganda, Bazukufu, kundi lililotoka ndani ya Uamsho wenyewe, walijitenga na ndugu zao na majeraha yale yalikaa miaka mingi. Na wako humu ukumbini watu walioungama jambo wakalisikia sokoni Dagoretti kabla jua halijatua. Hiyo ni dhuluma, na haina udhuru. Lakini nimeyapima hayo yote, nami ningali naamini kwamba ibada isiyoulizwa na mtu hufa, na hufa pasipo mwenyewe kujua.

Naamini hivyo kwa kuwa yangu ilikufa. Nilipokwenda Edinburgh kusoma nilipata, kwa mara ya kwanza maishani, chumba chenye mlango, ufunguo, taa na kimya. Niliamka saa kumi na moja kila siku na kitabu changu. Majira ya baridi ya pili yalipokwisha, niligundua kwamba kitabu hakijafunguliwa tangu Krismasi, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona tofauti.

Nilirejea nyumbani, na Alhamisi ya kwanza mama akanichukua. Mama mmoja mkongwe, rafiki yake tangu kijijini, akaniuliza, “Mwanangu, juma hili Bwana amekwambia nini?” Baada ya kimya kirefu nikamjibu kwamba sijui, kwa maana sikuwa nimemsikiliza kwa muda mrefu. Hakushangaa. Alijisogeza kwenye benchi akanipa nafasi, akasema kwamba Alhamisi ijayo ataniuliza tena. Na ilipofika, aliniuliza.