Kununua ni Siku Moja, Kutunza ni Kila Siku

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule



Mwenyekiti aliponiandikia alitaka niseme machache juu ya maendeleo. Namwomba radhi, kwani nitazungumzia king'ora, betri na kamera. Sababu mnaijua. Chama chetu kimejenga maduka 12 mbele ya lango la shule ili kodi yake iwasomeshe vijana wasio na uwezo, na katika ajenda ya leo tutaombwa kuchanga fedha za kuyawekea mfumo wa ulinzi. Mimi naunga mkono. Lakini kabla hatujafungua mifuko, niruhusuni niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu nilipohitimu kazi yangu imekuwa kusimamia mali za umma, yakiwamo majengo. Mojawapo lilikuwa la ghorofa nne: chini maduka, juu ofisi za kupangisha. Mwaka 2011 tulilifungia mfumo mzuri: kamera 16, mashine ya kurekodi, vihisi vya milangoni, king'ora, na betri ya akiba ya kuviendesha vyote umeme unapokatika. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa.

Fundi alituachia pendekezo kwamba aje mara mbili kwa mwaka kukagua vifaa vyake. Jalada lilinifikia mezani. Nikaandika: "Isubiri bajeti ijayo." Mwaka uliofuata likarudi, nikaandika hivyo hivyo. Wa tatu pia. Sikuona ubaya. Televisheni ya chumba cha walinzi ilionyesha watu wakipita na magari yakiegeshwa. Nani angesema mfumo ni mbovu?

Usiku mmoja wa masika mwaka 2015 mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Wezi walikata nondo za dirisha la nyuma la duka la vitambaa, wakabeba majora kwa majora, wakaenda zao. King'ora hakikulia, kwa kuwa betri ilikwisha kufa zamani. Asubuhi tulipofungua mashine ya kurekodi, tulikuta haijahifadhi picha hata moja kwa muda wa miezi saba. Diski yake ilikuwa imeharibika. Zile picha tulizokuwa tukijivunia zilikuwa zikipita tu kama maji katika bomba.

Basi ikabidi atafutwe wa kulaumiwa, na mlinzi hupatikana upesi. Mzee wetu wa zamu, aliyelilinda jengo lile kwa miaka tisa, alichukuliwa, akalala mahabusu siku tatu. Hapakuwa na picha ya kumtia hatiani, wala hapakuwa na picha ya kumtetea. Barua ya kumsimamisha kazi niliitia sahihi mimi.

Baada ya miezi minne, nikitayarisha majibu ya mkaguzi wa hesabu, nilifungua kitabu cha matukio cha walinzi. Nikakuta taarifa tatu za tarehe mbalimbali, kwa mwandiko wa yule mzee: king'ora hakilii umeme ukikatika, betri imevimba, saa ya kamera inasoma mwaka mwingine. Chini ya kila taarifa palikuwa na nafasi ya sahihi ya ofisi. Nafasi zote tatu zilikuwa tupu.

Nilimwandikia barua ya kumrudisha kazini na kumlipa haki zake. Malipo aliyapokea, lakini kazini hakurudi. Alimtuma mwanawe aniambie kwamba shamba linamtosha. Ndugu zangu, mwenye duka alipoteza mali, na mali hutafutwa tena. Mzee yule aliitwa mwizi mtaani kwake kwa miezi minne, kwa sababu ya betri ambayo mimi niliiahirisha.

Msidhani kuwa huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, wezi waliegesha lori lenye ngazi ya kupandishia samani kando ya makumbusho ya Louvre mjini Paris, wakaingia kwa dirisha la juu, wakachukua vito vya kifalme vyenye thamani ya yuro milioni 88, wakatoweka katika dakika chache. Mkurugenzi aliwaambia maseneta kwamba kamera ya nje upande ule ilitazama kwingine, haikuiona roshani waliyoingilia. Mwezi uliofuata, wakaguzi wa hesabu wa Ufaransa walitoa ripoti kwamba makumbusho yalikuwa yametanguliza mambo yanayoonekana na kuvutia, huku matengenezo na usalama vikiachwa nyuma. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka utepe wetu na soda zetu.

Je, sisi tufanye nini? Naomba kutaja mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji shahada.

Kwanza, tujaribu. Kila mwezi mfumo ukatiwe umeme kwa makusudi, tusikilize. Kila mlango wenye kihisi ufunguliwe, tuone kama taarifa inafika. Betri za aina ya risasi na asidi, ambazo hutumika sana katika mifumo hii, huchakaa katika miaka kama 3 hadi 5 hata zikikaa bila kazi, na joto huzimaliza mapema zaidi. Tarehe ya kufungwa iandikwe juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito, ili asiwepo wa kujitetea kuwa hakujua.

Pili, tutazame yaliyopita. Picha ya sasa hivi kwenye televisheni si ushahidi wa kitu. Kila Jumatatu mtu mmoja afungue picha za usiku wa Jumamosi, aone kama zimo, kama saa ni sahihi, na kama sura ya mtu inatambulika. Lenzi zifutwe pia. Mwanga wa kamera za usiku huvuta wadudu, buibui huwafuata wadudu, na hatimaye kamera ya thamani hulinda utando wa buibui.

Tatu, twende na wakati. Kamera ya leo ni kompyuta ndogo, nayo huzeeka kama kompyuta. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia katika kamera na mashine za kurekodi nyingi duniani, kwa kuwa wenyewe waliacha maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuvuruga intaneti hata Twitter na Netflix zikashindwa kufikika kwa saa kadhaa. Kwa hiyo neno la siri libadilishwe siku ile ile ya kufunga mfumo, na marekebisho ya programu yanayotolewa na mtengenezaji yawekwe kila yanapotoka. Mfanyakazi anapoondoka, ufunguo wake urudishwe, kadi yake na neno lake la siri vifutwe kabla jua halijazama.

Nne, tujue nani ataitika. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2015, king'ora cha jengo la kuhifadhia vito katika mtaa wa Hatton Garden, London, kilitoa taarifa usiku. Polisi walipigiwa simu, lakini simu ile ikapangwa katika daraja lisilohitaji askari kwenda. Mlinzi alifika, akachungulia, hakuona dalili ya kuvunjwa, akaondoka. Wezi walikuwa ndani. Kifaa kilifanya kazi yake, binadamu hawakufanya yao. King'ora kinacholia ovyo ovyo kila wiki huwafundisha watu kutokijali, na kwa hiyo kukirekebisha kisilie bure nako ni ulinzi.

Wenzangu mnaikumbuka jenereta ya masomo ya jioni. Kijana wa zamu hakuruhusiwa kuiwasha kabla hajapima mafuta na maji na kuandika katika daftari, na kila Ijumaa mwalimu wa fizikia aliweka sahihi yake. Tuliona ni usumbufu. Lakini katika miaka yangu hapa, giza tulilipata dizeli ilipokosekana, si mashine ilipoharibika. Mimi nililifahamu jambo hili nikiwa na miaka 16, nikalisahau nilipopata meza kubwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. Kabla ya kununua kamera hata moja, chama kikubali kwamba kwa kila shilingi 10 za kununulia, shilingi 1 itatengwa kila mwaka kwa matengenezo. Kwamba fundi atafika mara mbili kwa mwaka. Na kwamba katika chumba cha mlinzi patakuwa na daftari ambalo mjumbe mmoja wa kamati atalisoma na kulitia sahihi kila mwezi. Kwa mwaka wa kwanza naomba mjumbe huyo niwe mimi.

Nanyi wadogo zetu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho mtakuwa na meza na majalada yenu. Jalada la matengenezo likiwafikia, kumbukeni kwamba kuna mtu amesimama langoni usiku akiitegemea sahihi yenu.