Mtandao wa angani na vilima vya Karagwe

Tarehe 27 Februari, 2019, roketi ya aina ya Soyuz iliruka kutoka kituo cha Kourou, huko Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Ilibeba setilaiti sita za kampuni ya OneWeb, zilizotengenezwa kwa ajili ya kufikisha intaneti ya kasi mahali ambapo nyaya na minara havifiki. Moja kati ya hizo ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, yaani mwelekeo au dira. Ilikusudiwa kuiunganisha na dunia shule iliyoko kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu.

Naitaja safari hiyo kwa sababu Rwanda ni jirani yetu. Kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ukitazama magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Ukienda kaskazini na kuvuka daraja la Murongo, umeingia Uganda.

Wananchi wa huko wanajua taabu ya mawimbi. Mnara wa simu ni kama taa ya kandili: kilima kikikaa katikati, upande wa pili ni giza. Na kandokando ya mto, simu huweza kunasa mtandao wa nchi jirani, mwenye simu akashtukia salio limekwisha. Serikali haikulala. Mwezi Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika mikoa mbalimbali. Hata hivyo, katika nchi ya vilima kila bonde hudai mnara wake, na kila mnara hudai barabara, umeme na mlinzi.

Setilaiti haisumbuliwi na kilima, kwani hutazama kutoka juu. Zile za zamani hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe huchukua kama nusu sekunde hadi jibu lirudi. Hizi mpya ziko chini zaidi. Za OneWeb ziko kilomita 1,200 hivi, na za Starlink, mali ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, ziko kama kilomita 550. Ujumbe hufika upesi, lakini setilaiti yenyewe haitulii mahali pamoja. Ile ya kilomita 550 huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na hupita juu ya eneo moja kwa dakika chache tu kabla ya kumwachia mwenzake zamu. Ndiyo maana zinahitajika nyingi mno. Mei 2019 SpaceX ilirusha 60 kwa roketi moja, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa na zaidi ya 7,000 angani.

Setilaiti hizo hupita juu ya Kayanga na Rubwera bila kupiga hodi. Dishi la kupokelea, hata hivyo, liko juu ya ardhi ya nchi, na halifanyi kazi kihalali bila kibali cha mamlaka, ambayo kwetu ni TCRA. Rwanda ilifunguliwa huduma ya Starlink mwezi Februari 2023, na Kenya mwezi Julai mwaka huo huo. Hadi katikati ya mwaka 2025, Tanzania ilikuwa bado haijatoa ruhusa. Basi setilaiti ile ile ikawa halali ukingo mmoja wa Mto Kagera, na marufuku ukingo wa pili.

Wapo wanaotaka kibali kitolewe haraka. Wapo wanaotaka nchi ijihadhari kwanza juu ya kodi, usalama na makampuni ya simu yaliyokwisha kuwekeza hapa. Pande zote mbili zina hoja. Lakini hebu tujiulize jambo ambalo halisemwi sana: dishi hilo litakuwa la nani?

Soko likiachwa peke yake, dishi litapanda juu ya paa la hoteli, la mfanyabiashara mkubwa na la ofisi ya mradi. Mkulima wa Nkwenda, ambaye shida humlazimisha kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa mtindo wa butura, hawezi kulipia dishi kila mwezi. Naye ndiye anayehitaji kuliko wote kujua bei ya mnada kabla mlanguzi hajabisha hodi.

Dawa yake ni kushirikiana, na Karagwe inalijua jambo hilo. Redio ya jamii ya FADECO kwa miaka mingi imewahudumia wakulima wa huko kwa njia hiyo: kituo kimoja hupata habari, na bonde zima likasikia. Basi kibali kikitolewa, madishi ya kwanza yawe ya chama cha msingi, shule ya sekondari, zahanati na redio. Na pale ambapo dishi ni nafuu kuliko mnara, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulihesabu kama mnara.

Lakini tusilewe. Mwezi Machi 2020, mwaka mmoja tu baada ya Icyerekezo kuruka, OneWeb iliomba kinga ya mufilisi. Iliokolewa baadaye mwaka huo na serikali ya Uingereza pamoja na kampuni ya Bharti ya India, na mwaka 2023 ikaungana na Eutelsat ya Ufaransa. Katika mashauri yote hayo, mtoto wa shule kisiwani hakuwa na kiti mezani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Minara na mkongo wa taifa viendelee kujengwa, maana hivyo viko mikononi mwetu.

Sisi wa mijini tunanung'unika bando likiisha kabla ya jioni. Mwenzetu wa Kyerwa hupanda kilima ili apige simu. Kwa hiyo, madiwani wa Karagwe na Kyerwa wakiletewa habari njema ya mtandao wa angani, waulize mapema: ada ya mwezi wa pili, na ya mwaka wa pili, italipwa kutoka fungu gani? Roketi hulipiwa na wenyewe. Ada hiyo itakuwa juu yetu.