Mkanda Mweusi Si Cheti cha Serikali



Tangu mwaka 2002, Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha, watumishi wengi wamehamia katika mji huu. Baada ya saa za kazi mtumishi huhitaji mazoezi, na mtoto wake huhitaji mahali pa kwenda jioni. Karate na judo huvutia wakubwa kwa wadogo. Swali ni nani akabidhiwe mwili wa mtoto huyo.

Michezo hii si migeni nchini. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, na wanafunzi wake wakaieneza. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo katika miaka ya 1990. Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki za Rio mwaka 2016 na Paris mwaka 2024. Hao wote wanajulikana walikopita. Lakini vijana wengi waliijua karate kwa sinema za Bruce Lee, na sinema haina mwalimu wa kuulizwa alifunzwa na nani.

Hapo ndipo penye hatari. Mwalimu wa shule ana cheti cha Baraza la Mitihani, ambacho mwajiri anaweza kukihakiki. Mkanda mweusi hautolewi na Baraza hilo wala na ofisi yoyote ya Serikali. Hutolewa na klabu au chama, na kila chama kina mizani yake. Isitoshe, mkanda wenyewe huuzwa dukani kama kitambaa kingine. Hata pale ulipopatikana kwa haki, daraja lake la kwanza huitwa shodan kwa Kijapani, maana yake daraja la mwanzo. Mwenye kujitangaza bingwa kwa sababu ya daraja hilo hajaelewa jina lake.

Yafaa ikubalike pia kwamba mji kama Babati hauna wingi wa klabu kama Dar es Salaam. Mara nyingi hapa kuchagua maana yake si kuacha hii na kushika ile, bali ni kuamua kujiunga au kungoja. Kwa hiyo uamuzi huo hauna budi kufanywa kabla ya kiingilio kulipwa, kwa maana fedha ikishatolewa mtu huona haya kuondoka.

Mzazi na aende kutazama mazoezi jioni mbili au tatu. Asimtazame mwanafunzi hodari, kwa kuwa hodari hupendeza kila mahali. Amtazame aliye dhaifu kuliko wote, aone anavyosemeshwa, anavyopangiwa wa kushindana naye, na linalofanyika anapoumia. Katika judo, mwalimu wa kweli huanza kwa kumfundisha mwanafunzi kuanguka, tena juu ya magodoro ya mazoezi. Anayewaangusha watoto kwenye sakafu ya saruji aachwe siku hiyo hiyo. Mwalimu anayewaruhusu watoto kupigana vichwani ili wawe majasiri naye aachwe, hata kama ni mcheshi na wazazi wote wanampenda. Klabu inayomzuia mzazi kutazama haihitaji kuchunguzwa zaidi.

Kuhusu usajili, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Afisa Michezo wa Halmashauri yupo ili aulizwe. Risiti ya ada idaiwe. Klabu inayotoza malipo mapya kila mkanda unapobadilika na iseme mapema ni kiasi gani, maana mshahara wa mwalimu hauna nafasi ya mambo ya ghafla.

Na asiyeridhika anaweza kungoja bila hasara. Uwanja wa Kwaraa upo, na mkoa huu ni mkoa wa wakimbiaji: Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Mbio hazidai mkanda, na viatu vya kuanzia huenda tayari viko nyumbani.