Ushuru wa Maili: Wenye Magari Wanaogopa Nini?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya watumishi wa umma na walimu.)



Mada niliyopewa yaweza kuonekana kuwa ya mbali: maoni ya wenye magari juu ya kutozwa ushuru wa barabara kwa kadiri ya masafa wanayokwenda, masafa hayo yakipimwa kwa msaada wa setelaiti. Nimeipokea kwa furaha, kwa sababu chini ya habari hizi za magari na maili mna swali ambalo kila mtumishi wa dola hulikuta mezani pake siku moja au nyingine. Kwa nini wananchi hulikataa jambo ambalo wataalamu wamekwisha kulipigia hesabu na kuliona jema? Nitasema zaidi juu ya Uingereza, maana huko ubishi wenyewe ulikuwa mkali na umeacha kumbukumbu nyingi.

Juni 2005 Waziri wa Usafiri wa Uingereza, Alistair Darling, alitoa pendekezo lililowashtua watu wengi. Kila gari lingefungwa kijisanduku chenye kutambua mahali lilipo kwa msaada wa setelaiti. Mwenye gari angelipa kwa kila maili, na bei ingetofautiana kwa mahali na kwa saa: peni 2 tu katika njia tupu ya shamba, na hadi pauni 1 na peni 34 katika barabara iliyosongamana wakati watu wanakwenda kazini. Kwa upande mwingine, kodi ya mafuta na ada ya gari ya kila mwaka zingeweza kuondolewa.

Wazo lenyewe halikuzaliwa na Darling. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Reuben Smeed ilikwisha kuiambia serikali ya Uingereza kwamba yawezekana kumtoza mwenye gari kwa kadiri anavyoitumia barabara. Hoja ya wachumi ni nyepesi kuielewa. Barabara ya bure saa mbili asubuhi ni kama kisima cha kijiji kisicho na zamu: kila mtu huja na ndoo yake wakati ule ule, wote huchelewa, wala hakuna anayelipia kuchelewa kwa mwenziwe. Kodi ya mafuta haiwezi kuutibu ugonjwa huo, kwa kuwa lita moja ya petroli hutozwa sawasawa, ichomwe katikati ya London au katika kijia cha wafuga kondoo huko Wales. Desemba 2006 Rod Eddington, aliyepata kuwa mkuu wa shirika la ndege la British Airways, aliipa serikali taarifa iliyokadiria kwamba faida ya ushuru wa namna hiyo ingeweza kufikia pauni bilioni 28 kwa mwaka ifikapo 2025.

Wataalamu walipiga makofi. Wenye magari hawakupiga.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2006 Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa imefungua mahali katika intaneti ambapo mwananchi yeyote angeweza kuandika ombi lake na wenziwe wakaliunga mkono kwa kutia majina yao. Dereva mmoja aliandika ombi fupi la kutaka mpango wa kuyafuatilia magari na kuwatoza wenye magari kwa maili uachwe. Lilipofungwa Februari 20, 2007, majina yaliyotiwa yalikuwa kiasi cha milioni 1.8. Serikali ilijenga mlango wa kuwasikiliza wananchi, kisha ikashangaa wananchi walipoutumia. Tony Blair aliwajibu wote waliotia majina, akakana kwamba jambo hilo lilikuwa kodi ya kificho au hila ya kuwapeleleza watu. Jibu hilo halikuwatuliza. Miaka iliyofuata mpango wa nchi nzima uliwekwa kando kimyakimya.

Sasa tuwasikilize hao wenye magari, tena tuwasikilize kwa haki, kwani ni rahisi sana kwa sisi tuliosoma kusema kwamba mwenye gari ni mtu mbinafsi anayetaka barabara nzima iwe yake.

Lalamiko la kwanza lilikuwa la fedha, nalo lilikuwa na mizizi mirefu. Mwenye gari wa Uingereza alikuwa akilipa kodi kubwa ya mafuta, na juu ya hiyo kodi kuna kodi ya mauzo. Miaka michache tu kabla, Septemba 2000, madereva wa malori na wakulima waliziba milango ya maghala ya mafuta kwa ajili ya kodi hiyo, hata vituo vingi vya petroli vikakauka. Watu hao walipoambiwa kwamba kodi ya zamani itaondolewa na ushuru mpya utakuja, wao walisikia maneno ya mwisho tu: ushuru mpya utakuja. Kwani ni serikali gani iliyopata kuiachia kodi iliyokwisha kuizoea? Hapa sina budi kusema kwamba woga wao haukuwa upumbavu. Darling alisema kodi za zamani zingeweza kuondolewa. Lakini hapakuwa na sheria iliyofunga neno hilo, na katika mambo ya kodi, ndugu zangu, baina ya "zingeweza" na "zitaondolewa" pana bonde pana sana. Hata RAC Foundation, taasisi inayochunguza mambo ya wenye magari, ambayo haikuwa adui wa wazo hili, ilisisitiza kwamba kodi nyingine hazina budi kupunguzwa.

Lalamiko la pili ndilo lililowasha moto: setelaiti. Watu walidhani kwamba huko juu kuna jicho linalowatazama wanapotoka nyumbani na wanapokwenda, na nani anajua wanakwenda kwa nani. Naomba walimu wanivumilie nieleze kidogo, maana nadhani hata darasani jambo hili hufahamika kinyume. Setelaiti za kuonyesha mahali, zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, hazimwoni mtu wala gari. Kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, kama muadhini aliye juu ya mnara asiyejua ni nani anayemsikia. Kile kijisanduku garini husikia matangazo ya setelaiti nne au zaidi, hupima tofauti za nyakati, na chenyewe hupiga hesabu ya mahali kilipo. Setelaiti haipelekewi habari yoyote.

Basi hofu ilikuwa bure? Hata kidogo. Hofu ilielekezwa juu, mahali pasipostahili, lakini chanzo chake kilikuwapo hapa chini. Kijisanduku kikisha kujua kilipo hakina budi kumwambia mtu, kwa njia ya simu, kiasi cha fedha kinachodaiwa. Je, kinapeleka jumla ya fedha tu, au kinapeleka njia yote na saa zake? Kumbukumbu hizo zinakaa kwa nani, na kwa muda gani? Polisi akizitaka anapewa? Mume anayedaiana talaka na mkewe, wakili wake akizitaka, anapewa? Haya ni maswali ya sheria na ya ofisi wala si ya anga, na serikali iliyotangaza bei ya maili hadi peni ya mwisho haikuwa imeyajibu kwa ukamilifu wa namna hiyo.

Wajerumani walianza kuyajibu mapema zaidi. Tangu Januari 1, 2005 malori makubwa yanayopita katika barabara zao kuu hutozwa kwa kilomita, na vijisanduku vyao hutumia setelaiti. Mwanzo wake ulikuwa wa aibu, kwa sababu ulikusudiwa 2003 na mitambo ikakataa kufanya kazi. Lakini sheria yao ilisema waziwazi kwamba kumbukumbu za ushuru ni za ushuru peke yake. Mwishoni mwa 2005 Waziri wa Mambo ya Ndani, Wolfgang Schäuble, alitaka zitumike katika kuwasaka wahalifu wakubwa. Hoja yake haikuwa nyepesi hata kidogo. Nani asiyetaka muuaji akamatwe? Hata hivyo ule mpaka wa sheria ulibaki. Leo ushuru huo unatozwa hata kwa malori madogo ya tani zaidi ya 3.5, na ubishi uliobaki Ujerumani ni wa bei zaidi kuliko wa upelelezi. Ni kweli kwamba lori ni chombo cha biashara, na gari la nyumbani ni jambo jingine. Waholanzi walijaribu kuyaingiza magari yote, kwa mpango wa waziri Camiel Eurlings wa kuondoa kodi ya kununulia gari na ya kila mwaka, na kutoza wastani wa senti 3 za yuro kwa kilomita kuanzia 2012. Serikali yao ilianguka Februari 2010 kwa sababu za vita vya Afghanistan, na ushuru wa kilomita ukazikwa katika kaburi hilo hilo.

Lalamiko la tatu lilikuwa la haki, nalo ndilo linalopasa kutugusa zaidi sisi. Bei ya pauni 1 na peni 34 kwa maili ingemwondoa nani barabarani saa mbili asubuhi? Si tajiri. Yeye angelipa na kushukuru kwamba njia imefunguka. Angeondoka mfagiaji wa hospitali anayeanza zamu kwa saa asiyoichagua mwenyewe, na mjakazi wa hoteli anayeishi mbali kwa sababu nyumba za karibu hana uwezo nazo. Watetezi wa mpango walijibu kwamba makabwela wa kweli hawana magari, na ni kweli kwamba siku hizo yapata robo ya kaya za Uingereza hazikuwa na gari. Abiria wa basi hukwama katika msongamano uliosababishwa na wengine, naye hakuwa na ombi lililotiwa majina milioni. Jambo hilo liliniuma nilipokuwa nikisoma habari hizi: katika kelele zile zote mwenye usukani alisikika, na aliyesimama kituoni hakuulizwa.

Lakini alipoulizwa alijibu nini? Desemba 2008 watu wa Manchester na miji ya jirani walipiga kura juu ya ushuru wa kuingia mjini, ambao haukuwa wa setelaiti, na waliahidiwa mabilioni ya pauni kwa ajili ya treni na mabasi wakikubali. Kura ilikuwa ya wote, wenye magari na wasio nayo. Asilimia 79 ya waliopiga walikataa. Edinburgh nako, Februari 2005, ushuru kama huo ulikataliwa kwa asilimia 74. Hivyo siwezi kusema kwamba wanyonge walikuwa upande wa wataalamu. Abiria wa basi aliahidiwa basi zuri la kesho, akalitazama basi la leo, akapiga kura.

Mji wa Stockholm ulifuata njia nyingine. Kwanza walianza na majaribio, kuanzia Januari hadi Julai 2006, huku mabasi yakiwa yameongezwa kabla ya ushuru kuanza. Magari yalipungua kwa kiasi cha sehemu moja ya tano katika vituo vya kulipia, yaani gari moja katika kila magari matano halikuonekana tena. Watu waliokuwa wakipinga waliyaona hayo kwa macho yao, na Septemba mwaka huo wengi wa wakazi wa mji, ingawa kwa tofauti ndogo, wakapiga kura ya ndiyo.

Kwetu Tanzania tumekwisha kuyagusa mambo haya bila kuyaita kwa jina lake. Mwaka 2017 Bunge lilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, na kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake ni kwamba aliyekuwa akilipa kwa kumiliki gari, hata kama limelala uani, sasa analipa kwa kutembea. Wengi waliifurahia nafuu ile, na mimi naiona kuwa ilikuwa ya haki zaidi, ijapokuwa asiye na gari naye anailipa ndani ya nauli na ndani ya bei ya nyanya sokoni. Nacho kijisanduku cha setelaiti si kigeni: mabasi yetu ya mikoani yamefungwa vidude hivyo, na LATRA hutazama mwendo wao. Abiria hawakuandika maombi ya kuvipinga. Wanaovichezea ni baadhi ya madereva na wenye mabasi, na mamlaka imekwisha kuwaonya mara kadhaa. Kidude kile kile huitwa mlinzi na mmoja, na mwingine hukiita mpelelezi.

Shida inayowarudisha mataifa kwenye meza hii sasa ni gari la umeme. Halinunui petroli, basi halilipi kodi ya mafuta, na barabara inalika vile vile. Jimbo la Oregon huko Marekani, lililokuwa la kwanza nchini mwake kutoza kodi ya petroli mwaka 1919, lilianzisha mwaka 2015 ushuru wa maili kwa hiari. Mwenye gari huchagua mwenyewe kifaa chenye setelaiti au kisicho nayo, na sheria inaamuru kumbukumbu za mahali alipopita ziharibiwe baada ya siku 30. Naona kuna busara katika kumpa mtu hiari hiyo.

Na Uingereza yenyewe imerudi. Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 magari ya umeme yatalipa peni 3 kwa maili. Safari hii setelaiti haimo. Maili zitasomwa katika mita ya gari. Waliotia majina mwaka 2007 wamesikilizwa katika jambo moja, kwamba hawatafuatwa. Lakini tazameni kilichobaki. Bei ya mahali na ya saa, ambayo ndiyo ingepunguza msongamano, imeondoka pamoja na kijisanduku, na kilichosalia ni mkono wa mtoza kodi. Peni 3 ni peni 3, katikati ya London saa mbili asubuhi na huko Wales usiku wa manane, na mabasi yataendelea kusubiri nyuma ya magari.

Ndugu Mwenyekiti, nadhani wakati wa maswali umewadia.